Misa ya Jikoni

Ukiwa Nairobi na redio ya kuzungusha kwa mkono, anzia kushoto kabisa mwa FM. Kabla hujafika kwa wale wa kupiga kelele asubuhi, unakutana na 88.3. Hiyo ni Radio Waumini, redio ya maaskofu Wakatoliki wa Kenya. Sogea kulia, kidogo tu, unaangukia 89.5, Ghetto Radio, na hapo ni Sheng na reggae. Kati ya rozari na reggae kuna nusu ya ukucha. Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya Kikatoliki mtaani anaijua hiyo nusu ya ukucha vizuri sana. Mkubwa akitoka kuchota maji, kidole kinateleza. Akirudi, kinatubu.

Siandiki haya ili nikurudishe kanisani. Mimi mwenyewe siku hizi huonekana Pasaka, Krismasi na kwenye matanga. Ninaandika kwa sababu historia ya redio husimuliwa na wenye mitambo: leseni ilitoka lini, mnara uko wapi, nani alikata utepe. Sisi tuliokuwa upande wa pili wa spika hatuulizwi kitu. Na kwetu, redio hii ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ilimfariji mama yangu. Pia ilifanya iwe rahisi kwa mtu mwingine kumnyima kitu ambacho kilikuwa chake.

Lakini wacha tuanze na mitambo.

Kanisa Katoliki halikuchelewa kuipenda redio. Mwaka 1931 Papa Pius XI alizindua Radio Vatikani, na aliyemjengea mitambo ni Guglielmo Marconi mwenyewe. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa waraka uitwao Inter Mirifica, kuhusu vyombo vya mawasiliano, ukiwahimiza Wakatoliki waanzishe redio zao panapofaa. Siku nane baadaye, Kenya ikapata uhuru. Ungedhani mambo hayo mawili yangekutana haraka. Yalichukua miaka 40.

Sababu si siri. Redio ilikuwa ya serikali. Mwaka 1964 ikawa Sauti ya Kenya, VoK, na mwaka 1989 ikawa KBC, lakini mwenyewe hakubadilika. Na serikali ilikuwa na sababu ya kuishika maikrofoni kwa mikono miwili. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali ya Moi waliiteka VoK, na Leonard Mambo Mbotela, sauti ambayo kila nyumba iliijua, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imeanguka. Mama alikuwa na miaka 23, mwaka wake wa pili Nairobi, jikoni mwa watu. Anasema alikuwa anakaanga mayai. Tangazo lilipotoka, mwenye nyumba alifunga mapazia yote, kisha akarudi mezani akauliza mayai yako wapi.

Baada ya siku kama hiyo, ungeenda kuomba leseni ya redio ukiwa nani?

Kwa hivyo maaskofu walitumia karatasi. Waliandika barua za kichungaji, zikapelekwa parokiani, zikasomwa mimbarini Jumapili moja nchi nzima. Mapigano ya kikabila yalipowafukuza watu Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya tisini, aliyesema waziwazi ni Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru, na sauti yake ilifika mbali kwa sababu watu waliibeba kwa mdomo. Redio ya taifa ilikuwa na habari zake nyingine, zile za Mtukufu Rais kuanzia dakika ya kwanza.

Halafu mlango ukafunguka. Mwaka 1996 Capital FM ikaingia hewani, na baada yake zikaja nyingine na nyingine, za Kiingereza, za Kiswahili, za lugha za mama. Majirani zetu Watanzania walikuwa wametutangulia: Radio Tumaini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam ilikuwa hewani tangu miaka ya tisini, na Radio Maria ikaanzia Songea mwaka 1996. Kwetu, Waislamu wa Nairobi walikuwa na Iqra FM, Wapentekoste wakapata Hope FM, na mwaka 2003 Wakatoliki wakapata Radio Waumini. Baadaye majimbo yenyewe yalianzisha za kwao: Radio Amani kule Nakuru, Radio Jangwani kule Marsabit, Radio Akicha kule Lodwar.

Hiyo ndiyo historia ya upande wa mitambo. Sasa upande wa spika.

Mwaka huo wa 2003 nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nimeingia darasa la kwanza, pamoja na nusu ya watoto wa Kenya, kwa sababu serikali mpya ya Kibaki ilikuwa imefuta karo ya msingi. Tulikaa watano kwenye dawati la watatu. Niliishi Kangemi na dada yake mama, niliyemwita Mama Mdogo. Mama mzazi alikuwa Lavington. Ukitoka Kangemi, ukavuka Waiyaki Way, ukashuka na James Gichuru, unafika kwa miguu. Si mbali. Lakini alilala kule kule, kwenye SQ nyuma ya nyumba, na alikuwa anakuja kutuona mara moja kwa mwezi, Jumapili mchana baada ya kuosha vyombo vya chakula cha mchana, na ikifika saa kumi na mbili lazima awe amerudi.

Kazi yake kila mtu anaijua. Nairobi tuna majina mengi ya kazi hiyo, mengine ya adabu na mengine ambayo tunayasema mwenyewe akiwa hapo hapo anapanguza meza. Alilea watoto watatu wa nyumba ile, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa rika langu. Nguo zake zilipombana nilizivaa mimi, kwa hivyo kila Krismasi nilikuwa nikipendeza mwaka mmoja nyuma yake.

Mama ni Mkatoliki wa Mukumu, wale wa kubatizwa kabla ya kutambaa. Kwake Jumapili bila Misa ilikuwa kama chai bila majani. Lakini Jumapili ndiyo siku wageni walikuja. Jumapili ndiyo siku ya kuku na chapati. Madam alikuwa na kanisa lake, si la Kikatoliki, na walipoondoka asubuhi familia nzima, mtu alihitajika kubaki na nyumba, na na mtoto kama ana homa, na na nyama kwenye jiko.

Krismasi ya 2003, madam akampa zawadi: redio ndogo nyeusi ya betri mbili, na antena iliyokunjwa ikakunjuka. Akamwonyesha stesheni. Akamwambia, kwa roho safi kabisa, "Sasa Misa itakuja kwako. Na padri utamsikia vizuri kuliko wale walio nyuma kanisani."

Mama alishukuru. Sitaki umwone madam kama jini. Aliipima shida, akatafuta dawa, akatoa pesa zake. Dawa tu ndiyo ilikuwa ya upande wake.

Mama alipokuja Januari alikuwa na mpango. Mama Mdogo alikuwa na redio, ile ya kaseti iliyofungwa kwa raba. Simu hatukuwa nayo, sisi wala yeye. Akatuambia: Jumapili Misa ikianza, fungueni. Mkifika kwa Baba Yetu, jueni na mimi niko hapo. Msiwe mmenitangulia, na msibaki nyuma.

Usipokuwa Mkatoliki huenda hujui kwamba Misa ina mpangilio wake, haibadiliki. Baada ya maneno fulani yanakuja maneno fulani. Hiyo ndiyo inayowachosha vijana, na hiyo ndiyo iliyotufaa sisi. Nilikuwa nikikaa kwenye mkeka, mgongo kwa kitanda, nikisubiri. Kwaya ikiimba nilipitwa. Mahubiri nilipitwa. Lakini padri alipovuta pumzi kabla ya Baba Yetu, niliamka. Nilijua kwamba kilomita chache kutoka pale, kwenye jikoni ambayo nilikuwa nimeiona mara mbili tu, mtu fulani ameweka mwiko chini. Tulisema pamoja, yeye kule, mimi huku. Nilikuwa nikisema kwa sauti kubwa, kana kwamba redio inaweza kubeba kurudi.

Ilikuwa inachukua nusu dakika hivi. Kwa wiki nyingi hiyo ndiyo nusu dakika niliyokuwa na mama.

Kuna jambo ambalo redio haiwezi, na Kanisa halijawahi kuficha. Ekaristi haipiti hewani. Unaweza kusikia kengele, lakini hutapokea kitu mkononi. Katekisimu inakubali kwamba mtu anaweza kukosa Misa kwa sababu nzito, na inataja ugonjwa na malezi ya watoto wachanga. Mama alikuwa na sababu hiyo, tena imeandikwa. Watoto wachanga ndio hawakuwa wake. Wakati wa Komunyo alizima moto, akasimama karibu na dirisha na kusali sala ya tamaa, ile ya kumwomba Yesu aingie moyoni kwa kuwa mdomoni haiwezekani. Aliisali miaka 16.

Desemba 2007 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tarehe 30, jioni, Kibaki akaapishwa Ikulu, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kangemi nako kukachafuka. Kulikuwa na moshi, risasi, na watu waliokuwa majirani wakaanza kuulizana majina ya pili. Mama hakuweza kutoka Lavington na sisi hatukuweza kutoka nyumbani. Mama Mdogo alikuwa anazungusha redio mchana kutwa. Baadaye sana nilikuja kusoma ripoti ya Tume ya Waki na kuona jinsi baadhi ya redio za lugha za mama zilivyolaumiwa kwa kuchochea. Mtangazaji mmoja alifikishwa mpaka The Hague, na kesi yake ikasitishwa Aprili 2016. Wakati ule sikujua lolote la hayo. Nilijua tu kwamba kuna stesheni Mama Mdogo akifika anapita haraka, na kwamba usiku alikuwa anaiacha kwa 88.3, sauti ya chini, rozari ikijirudia.

Nisiseme uongo kwamba Kanisa lilikuwa juu ya kila kitu mwaka ule. Kabla ya uchaguzi, maaskofu wenyewe walionekana kugawanyika kuhusu majimbo, na watu mtaani walikuwa wanajua, au wanadhani wanajua, askofu gani ni wa nani. Rozari ndiyo haikuwa na upande. Salamu Maria haina jina la pili. Jumapili ya kwanza ya Januari tulikaa kwenye mkeka, mimi na Mama Mdogo na mama wawili wa ploti yetu ambao makabila yao sitayataja, na padri akafika kwa Baba Yetu, na Mama Mdogo alipofika "kama sisi tunavyowasamehe" akanyamaza. Wengine tukaendelea. Nilimsikia akimalizia peke yake, baada ya sisi, polepole.

Mama alikuja baada ya wiki mbili. Swali lake la kwanza: "Mlikuwa mnasali?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilikuwa nawasikia."

Wakati nafanya KCPE, mwaka 2010, mama alikuwa na simu. SMS ya kwanza aliyoandika maisha yake hakunitumia mimi. Aliituma redioni kuniombea. Aliandika kwa herufi kubwa zote na jina langu akaliweka kamili, la ubatizo, la nyumbani na la baba ambaye hatukuwa tunamtaja. Sikuisikia ikisomwa, lakini mama wa duka aliisikia, na muuza mitumba aliisikia, na kwa wiki nzima nilikuwa naulizwa, "Ni wewe yule wa mtihani?" Aibu yenyewe acha tu. Nilikuwa na miaka 14 na nilikuwa nimehamia 89.5 kitambo. Nilipita, alama 351, na nikawekewa zawadi mbili: soda, na misa ya shukrani ambayo mama hangeweza kuhudhuria.

Halafu Papa akaja.

Ijumaa ya tarehe 27 Novemba 2015, Papa Fransisko alikuja Kangemi. Si Nairobi tu, Kangemi, kwenye Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, inayoongozwa na Wajesuiti. Walisawazisha barabara, wakapaka rangi, wakatuambia tuanue nguo. Mimi na Mama Mdogo tulisimama kando ya barabara tangu saa kumi usiku. Alipita kama dakika moja hivi, uso wake ukiwa wa mtu aliyechoka na bado anatabasamu. Ndani ya kanisa alizungumza kuhusu maji, vyoo, makao na haki ya watu wa mitaa kama yetu. Maneno mazuri, na choo chetu cha ploti kilikuwa kimejaa siku hiyo hiyo.

Mama alikuwa na miaka 56. Alikuwa ameomba ruhusa mwezi mzima kabla. Aliambiwa kuna usalama, barabara zitafungwa, hatafika, na kwamba atamwona vizuri zaidi kwa TV. TV ilikuwa sebuleni na watoto walikuwa na katuni. Akarudi jikoni akafungua redio. Papa alikuwa katika mtaa ambao mtoto wake anaishi, mwendo wa saa moja kwa miguu, na yeye alimsikia kwa betri mbili.

Alipokuja kututembelea, aliniuliza, "Anafananaje?"

Nilimweleza. Akaniuliza viatu vyake ni rangi gani. Nikasema vyeusi. Akacheka, akasema, "Vyeusi. Kama vya mtu wa kazi."

Ndiyo mwaka niliojiunga na chuo, diploma ya uhasibu, na katika somo la sheria za biashara tukafika kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 27 kinasema mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hakisemi mfanyakazi wa ofisi. Hakisemi isipokuwa kama amenunuliwa redio. Nilikinakili kwenye karatasi, kwa mkono, na Jumapili ya mama nikampa. Nilidhani ninampa habari.

Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye pochi.

"Hiyo naijua," akasema. "Wanasheria huongea kwa redio. Shida ni nani atalipa hiyo diploma yako nikiisoma kwa sauti."

Hapo ndipo hesabu yangu yote ya redio ilipogeuka. Nilikuwa nimeifikiria kama kamba kati ya jikoni na mkeka. Haikuwa uongo. Lakini kamba hiyo hiyo ilikuwa imemfunga kule. Kila mara alipoomba Jumapili, jibu lilikuwa tayari juu ya friji, limewashwa: si Misa iko hapo? Bila ile redio, angelazimika kuchagua mapema zaidi, na pengine madam angelazimika pia. Sijui. Najua tu kwamba kitu kikiufanya mzigo uwe mwepesi, watu huona hakuna haraka ya kuutua.

Na Kanisa lenyewe lilijua tofauti hiyo zamani. Mwaka 1891, redio hata haijawa redio, Papa Leo XIII aliandika Rerum Novarum, waraka kuhusu wafanyakazi, na akasema mwenye mali hana ruhusa ya kumnyima mfanyakazi pumziko la Jumapili. Kwa hivyo maandiko mawili yalikuwapo, moja la kudai Jumapili na moja la kuhimiza redio. Jikoni Lavington lilifika moja tu.

Machi 2020, madam alimwambia mama aende nyumbani kidogo, mambo yatulie. Corona ilikuwa imeingia nchini tarehe 13. Alikuja Kahawa West nilikokuwa nimepanga, na begi moja, blanketi na ile redio. Hakuitwa tena. Wengi hawakuitwa tena mwaka ule, uliza.

Makanisa yakafungwa, na ghafla Wakatoliki wote wa Kenya wakawa mama yangu. Wakubwa kwa wadogo, wenye magari na wenye viti vya mbele, wote jikoni, wote na sala ya tamaa. Watu waliandika mitandaoni jinsi inavyouma kuona Komunyo na kutoipokea. Mama alinisikiliza nikimsomea, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Watazoea wiki ya tatu," akasema.

Mwisho wa mwezi huo Ndingi akafariki. Yule yule wa Nakuru, aliyekuwa baadaye Askofu Mkuu wa Nairobi, aliyesema wakati Kanisa halikuwa na redio, akazikwa mbele ya watu wachache kwenye Basilika ya Familia Takatifu, wengine tukiwa hatuna njia ila kusikia. Mama alifuatilia amevaa vizuri, viatu na kitambaa, kwenye kiti cha plastiki.

Siku hizo nilikuwa nikifungua Misa kwenye simu, yeye kwenye redio. Intaneti huchelewa. Padri wa redio alikuwa akimaliza Baba Yetu ndiyo wa simu anaanza, na nyumba ya chumba kimoja na nusu ikajaa mwangwi. Mama akaniambia nizime. "Tusiachane tena," akasema, kwa mzaha, lakini nilizima.

Julai makanisa yakafunguliwa kwa masharti. Watu 100, saa moja, na umri ni miaka 13 hadi 58.

Mama alikuwa na 61.

Niliona tangazo kwenye simu na sikutaka kulisoma kwa sauti, lakini alikuwa amelisikia tayari. Redio ilikuwa imemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Miaka yote naambiwa kuna kazi. Kazi imeisha, sasa naambiwa kuna miaka."

Hakulia. Alisali kwa redio, kama kawaida, mpaka masharti yalipolegezwa. Jumapili yake ya kwanza kanisani nilimsindikiza. Tulikaa benchi ya tatu kutoka mbele. Wakati wa Komunyo alisimama na watu wa mstari wake, akatembea, akapokea, akarudi. Nilitarajia atasema kitu. Alipiga magoti, akafunika uso kwa mikono, akakaa hivyo mpaka matangazo ya mwisho, yale ya harambee na jumuiya ya zamu ya kufagia.

Tangu hapo hakosi. Redio husikilizwa siku nyingine, akipika, akifua, sauti ile ile ya chini. Mei 2025 ndiyo iliyomletea habari ya Papa mpya. Mimi nilikuwa kazini, akanipigia.

"Amejiita Leo."

"Leo?"

"Leo. Wanasema ni kwa ajili ya yule Leo wa zamani, aliyeandika mambo ya wafanyakazi." Akanyamaza kidogo. "Ni jina zuri. Si Kesho."

Ghorofa ya nne ya nyumba yetu kuna msichana anafanya kazi kwa familia moja. Ana miaka kama kumi na tisa, katoka Busia, na Jumapili humwona mama akishuka ngazi na rozari mkononi, yeye yuko kwenye veranda anaanika nguo za watoto. Walianza kwa salamu. Wiki chache zilizopita mama aliifuta ile redio nyeusi kwa kitambaa, akaiwekea betri mpya, akapanda nayo. Nikajua anaenda kumpa.

Alikaa huko karibu saa nzima. Alikuwa ameongea na mama mwenye nyumba kwanza, wamekaa, wamekunywa chai. Hakubeba kifungu chochote. Sijui alimwambia nini, ila mama wa miaka 66 akija mlangoni kwako kuzungumzia mtoto wa mwenzake, humfungii. Walikubaliana kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, kila wiki.

Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Nikamuuliza kama amemwonyesha stesheni.

"Nimemwonyesha," akasema. "Nikamwambia hiyo ni ya Jumatatu mpaka Jumamosi."